Kusikia Sauti na Kuelewa Maneno: Mwongozo kwa Mwenye Upungufu wa Kusikia na Jamaa Zake

Mtu anayeanza kupoteza usikivu, hasa akiwa na umri mkubwa, mara nyingi hasemi kwamba hasikii. Husema, "Nasikia unaongea, lakini sishiki unachosema." Katika nyumba nyingi za Nakuru, Kisumu na Kakamega kauli hiyo hupokewa vibaya. Jamaa hupaza sauti, na wasipofanikiwa huanza kunong'onezana kwamba mzee husikia anapotaka, kwamba amekuwa mkaidi, au kwamba fahamu zimeanza kumtoka. Ukweli ni kwamba mzee huyo ameieleza hali ya masikio yake kwa usahihi mkubwa. Kusikia kwamba kuna mtu anayezungumza ni kazi moja, na kutambua maneno anayoyatamka ni kazi nyingine, na upungufu wa kusikia unaweza kuiharibu hii ya pili huku ile ya kwanza ikibaki karibu nzima.

Mwongozo huu ni kwa ajili yake na kwa ajili ya wale wanaoishi naye. Unaeleza chanzo cha tofauti hiyo, namna ya kuipima nyumbani, namna ya kuzungumza ili maneno yafike yakiwa mazima, na mambo ya kuuliza hospitalini.

Kwa nini sauti hufika na maneno hupotea

Usemi umeundwa kwa sauti zisizo na nguvu sawa. Irabu ndizo zenye nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hizo iko katika sauti nzito, chini ya hezi 1000 (hezi ni kipimo cha uzito na wembamba wa sauti: namba ikipanda, sauti huwa nyembamba zaidi). Konsonanti kama s, f, sh, th, t, k, p na h ni hafifu sana zikilinganishwa na irabu, na nyingi kati yake hutegemea sauti nyembamba. S, kwa mfano, hukaa zaidi kuanzia hezi 4000 kwenda juu. Uzee nao huanza kulila sikio kutoka upande huo wa sauti nyembamba, na kelele za miaka mingi, ziwe za mashine ya kusaga mahindi au za nyundo na mabati katika karakana za jua kali, kwa kawaida huacha pengo lake la kwanza kati ya hezi 3000 na 6000. Matokeo yake ni kwamba irabu hubaki zikisikika vizuri, na mhusika anajua kabisa kwamba umeongea, umeongea kwa muda gani, na umeongea kwa upole au kwa hasira, lakini konsonanti zinazotenganisha neno moja na jingine hazikumfikia. Wenye kuwakaripia wazee wao wazingatie hapo: ukali wa sauti humfikia mzee hata pale maneno yenyewe yanapopotea yote.

Kiswahili kinalionyesha jambo hili waziwazi, kwa sababu maneno yetu mengi yana mfuatano mmoja wa irabu. "Sita" na "tisa" yana irabu zile zile kwa mpangilio ule ule. Kilichobadilika ni nafasi ya s na t, na zote mbili ni miongoni mwa sauti zinazowahi kufifia. Hivyo mtu huambiwa na kondakta kwamba nauli ni shilingi sitini akatoa tisini, au huambiwa gari linaondoka saa sita akafika kituoni saa tisa. Ukanushaji uko hatarini vile vile. Kati ya "atapona" na "hatapona" kuna h peke yake, na h ni pumzi tu. Kati ya "unywe na maziwa" na "usinywe na maziwa" kuna silabi moja fupi inayoanza kwa s. Mtu aliyekosa vipande hivi hujaza pengo kwa kufikiri: anaangalia mada, anamwangalia msemaji, anakisia, na mara nyingi anapatia. Kazi hiyo ya kukisia huchosha, na ndiyo maana wengi hufuata mazungumzo vizuri asubuhi na kufikia jioni wakawa wamekaa kimya pembeni.

Tatizo halikomei kwenye uhafifu. Ndani ya koklea, ile sehemu ya ndani kabisa ya sikio iliyojikunja, kuna seli zenye vinyweleo: takriban 12,000 katika safu za nje na 3,500 katika safu ya ndani kwa kila sikio. Seli za nje hukuza sauti hafifu na pia hunoa mpaka kati ya sauti moja na nyingine iliyo jirani yake. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Kazi ya kukuza inaweza kufidiwa kwa kuongeza sauti, lakini kazi ya kunoa haifidiwi hivyo. Kwa sababu hiyo mtu ambaye koklea yake imeathirika sana anaweza kupewa sauti kubwa ya kutosha na bado asielewe, kama picha iliyopigwa bila kulengwa vizuri, ambayo hata ikikuzwa ikajaa ukuta mzima hubaki na ukungu wake.

Kuharibika kwa seli hizo kunaleta jambo jingine linalozua ugomvi mwingi nyumbani. Sauti ndogo hazisikiki kabisa, ilhali sauti kubwa humfikia mhusika kwa ukali ule ule unaomfikia mtu mwenye masikio mazima. Nafasi iliyobaki kati ya kutosikia na kuumizwa na sauti huwa finyu. Mama husema, "Ongeza sauti, mwanangu," na kijana anapoongeza, mama huyo huyo husema, "Mbona unanipigia kelele?" Kauli zote mbili ni za kweli, na hakuna kubadilika kwa tabia hapo.

Upo pia upungufu wa aina nyingine, ambao sauti huzuiwa kabla ya kufika kwenye koklea: nta iliyojaa, majimaji yaliyokaa nyuma ya kiwambo cha sikio, au kiwambo kilichotoboka kutokana na usaha wa muda mrefu. Katika hali hiyo koklea yenyewe huwa nzima, na ukipaza sauti mtu huelewa vizuri. Ni muhimu kuutambua mapema, kwa sababu aina hii mara nyingi hutibika.

Namna ya kupima nyumbani

Chagua chumba tulivu, zima redio na televisheni, na ufunge mlango. Mvua ikiwa inanyesha, ahirisha, kwa maana chini ya paa la mabati lisilo na dari jaribio lolote la usikivu halina maana. Andika kwenye karatasi maneno arobaini ya kawaida yenye irabu zinazofanana, ili mhusika asiweze kubahatisha kwa kufuata irabu peke yake. Mafungu kama haya yanafaa: fika, pika, shika, zika, pata, kata, taka, paka, sasa, sita, tisa, pita, ficha, sisi, fisi, pipi. Maneno yasipotosha, rudia yale yale kwa mpangilio mwingine. Yachanganye, usimwonyeshe karatasi, na usitumie sentensi wala majina ya watu wa nyumbani, kwa sababu hayo akili huyakamilisha yenyewe.

Keti nyuma yake kwa umbali wa mita moja, mahali ambapo hauoni uso wako, na usome maneno kumi kwa sauti ya kawaida, moja moja. Yeye arudie kila neno kama alivyolisikia hata kama ana mashaka. Andika neno alilolisema, usiweke tu alama ya kosa, kwa sababu makosa yenyewe yana habari ndani yake: mtu anayejibu "pika" ulipomwambia "fika", na "tisa" ulipomwambia "sita", amezipata irabu zote na kukosa konsonanti. Baada ya hapo soma maneno kumi mengine kwa sauti iliyoongezwa kidogo, bila kufoka. Kisha zunguka uketi mbele yake, uso wako ukiwa kwenye mwanga, usome kumi mengine kwa sauti ya kawaida. Kumi ya mwisho yasome ukiwa mbele yake huku redio ikizungumza kwa sauti ya wastani.

Sasa linganisha. Kama sauti kubwa pekee ilitosha kuyarudisha karibu maneno yote, tatizo kubwa ni uhafifu, na hatua ya kwanza ni kuchunguzwa kama kuna nta, maji au usaha. Kama sauti kubwa haikuleta tofauti kubwa lakini kuuona uso kulileta, basi tatizo ni la uwazi wa maneno, na uso wa msemaji utakuwa chombo cha kila siku cha mtu huyo. Kama alifanya vizuri katika utulivu na akaporomoka redio ilipofunguliwa, hiyo ni dalili inayojitokeza mapema sana kwa watu wengi ambao koklea zao zimeanza kuharibika, na ndiyo inayodharauliwa zaidi, kwa kuwa mtu huyo katika chumba cha daktari chenye utulivu huonekana hana shida. Jaribio hili halichukui nafasi ya vipimo vya hospitali. Litunze lakini, pamoja na tarehe, kwa sababu litamsaidia atakayempima.

Katika kupima na katika maisha ya kila siku, liache swali la "Umesikia?" Jibu lake karibu kila mara ni ndiyo. Mtu hulitoa kwa adabu, kwa aibu, kwa kuchoka kusumbua wenzake, au kwa sababu ni kweli kwamba amesikia sauti. Uliza swali ambalo jibu lake linabeba maneno yenyewe: "Nyanya, tumesema tunaondoka saa ngapi?"

Namna ya kuzungumza ili maneno yafike

Hatua yenye faida kubwa kuliko zote haigharimu chochote, nayo ni kusogea. Mahali pa wazi, kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti yako humfikia msikilizaji ikiwa imeongezeka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), huku kelele za mazingira zikibaki pale pale. Ukitoka mita mbili ukaja nusu mita umemwongezea desibeli 12 bila kupaza sauti hata kidogo na bila kuyaharibu maneno. Anayemwita mzee kutoka jikoni wakati yeye yuko uani anamtumia irabu peke yake.

Baada ya umbali ni kelele. Mwenye masikio mazima anaweza kufuata mazungumzo hata kelele zikiwa na ukubwa sawa na usemi. Mwenye koklea iliyoharibika huhitaji usemi uzidi kelele kwa desibeli kadhaa ili apate kiasi kile kile. Kwa hiyo zima televisheni kwanza, ndipo uanze kuzungumza, badala ya kushindana nayo. Mwangwi nao ni kelele. Chumba chenye sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la mabati huirudisha kila silabi juu ya silabi inayofuata, na mapazia mazito, zulia na viti vyenye vitambaa hupunguza madhara hayo. Kisumu na Kakamega mvua nyingi hunyesha alasiri, na katika nyumba isiyo na dari mazungumzo hukatika kabisa. Mambo ya shamba, ya karo na ya matibabu yapangiwe asubuhi, wakati ambapo pia mzee hajachoka.

Uso wa msemaji uwe kwenye mwanga. Msikilizaji akalishwe akiwa amelipa dirisha mgongo, ili mwanga wa dirisha umwangukie anayezungumza. Wengi hufanya kinyume, na mzee akabaki akitazama kivuli cheusi chenye mdomo asiouona. Usitafune, usifunike mdomo kwa mkono, usianze sentensi ukiwa umemkabili na kuimaliza ukiwa umegeuka kutafuta kitu kabatini. Midomo haionyeshi kila kitu, kwani p, b na m hufanana kabisa, na mtu anayetazama tu hawezi kutenganisha "baba", "mama" na "papa". Lakini mara nyingi midomo huonyesha kile ambacho sikio limepoteza. Sikio lililoathirika huchanganya f na s, na macho huziona zikiwa tofauti kabisa, meno ya juu yakigusa mdomo wa chini kwa ile ya kwanza. Macho nayo hayawezi kutenganisha b na m, na hapo sikio husaidia, kwa sababu m ina mvumo mzito unaobaki ukisikika. Ndiyo maana mtu wa namna hii husema, bila mzaha wowote, kwamba ngoja avae miwani ndipo asikie.

Sauti yenyewe iwe ya kawaida au iliyozidi kawaida kidogo, kwa mwendo uliopungua kidogo, na kituo kifupi kila baada ya fungu la maneno. Kupiga kelele hukuza irabu zaidi kuliko konsonanti na hupotosha umbo la mdomo, kwa hiyo huharibu mambo mawili kwa wakati mmoja. Kuvuta silabi moja moja nako hakusaidii, kwa sababu huvunja mahadhi ya neno ambayo msikilizaji huyategemea.

Anza kwa kumwita kwa jina analoitwa nyumbani, subiri akutazame, kisha mpe mada kabla ya habari: "Mama, ni habari ya kisima." Akishajua kwamba mnazungumzia kisima, maneno mengi anayoyakosa ataweza kuyakamilisha mwenyewe. Ukitamka jambo na halikumfikia, lirudie mara moja, na likishindikana tena badilisha maneno. Konsonanti ambazo hazikupita mara mbili hazitapita mara ya tano. Badala ya kurudia "saa tisa", sema "alasiri, watoto wakikaribia kutoka shule." Tarakimu zioneshwe kwa vidole au ziandikwe. Na majibu kama "Wacha tu, haikuwa muhimu" yaepukwe kabisa. Hayo humfundisha mtu kwamba kuuliza ni kuwachosha watu, na akishajifunza hivyo hatauliza tena hata jambo linalohusu maisha yake.

Lugha ina uzito wake hapa, na katika eneo letu hili la lugha nyingi sioni likisemwa vya kutosha. Kukisia maneno yaliyopungua ni rahisi zaidi katika lugha ya kwanza ya mtu. Mzee aliyekulia katika Kidholuo, Kiluhya, Kikalenjin au Kikuyu anaweza kuelewa Kiswahili vizuri sana maisha yake yote, na bado Kiswahili kikawa cha kwanza kumponyoka katikati ya kelele. Zungumza naye kwa lugha aliyonyonya kama unaijua, na hospitalini uombe hivyo hivyo.

Kwenye dirisha la dawa

Nalitazama jambo hili moja kwa karibu kwa sababu hapa kosa dogo lina gharama kubwa. Mgonjwa amesimama mbele ya kioo chenye tundu dogo chini. Mhudumu yuko upande wa pili, amevaa barakoa, ambayo inaficha midomo na kupunguza zile zile sauti nyembamba ambazo tayari ni haba. Nyuma kuna foleni, mtoto analia, na majina yanaitwa. Mhudumu anasukuma pakiti mbili huku akitazama karatasi inayofuata: "Hizi ni kimoja mara mbili, usitafune, na hizi ni mbili usiku, kabla ya kula." Mama anaitikia, "Asante, daktari," na kuondoka. Amesikia sauti kwa muda wote, na ameshika "mbili" na "kula".

Mama huyo anahitaji sentensi ambayo ameiandaa tangu nyumbani. Akisema tu "Sisikii," atapigiwa kelele, na watu wote kwenye foleni watajua ugonjwa wake. Afadhali aseme anachotaka kifanyike: "Samahani daktari, masikio yangu ni mazito. Naomba unitazame unapoongea, na uniandikie kwenye pakiti." Alama za 1×2 au 2×1 zikiandikwa peke yake hazitoshi, kwa kuwa hazisemi kama ni kabla au baada ya chakula, wala kama dawa inamezwa nzima; aombe maneno hayo yaongezwe. Kisha ayarudie kwa mdomo wake akiwa ameshika kila pakiti: "Kwa hiyo hizi nyeupe ni kimoja asubuhi na kimoja jioni, bila kutafuna, siyo?" Aliyemsindikiza asimjibie. Asimame pembeni, asikilize, na asahihishe palipokosewa tu.

Kwenye mikutano, kanisani na mazishini

Mahali penye watu wengi mtu mwenye upungufu wa kusikia hukalishwa karibu na spika kwa nia njema. Spika kubwa chini ya hema humpa sauti ambayo huenda tayari anayo, na kwa kuwa mara nyingi imefunguliwa hadi inakwaruza, humpunguzia uwazi anaouhitaji. Akae mbele, mahali anapouona uso wa msemaji, mbali na jenereta, na kama sikio moja lina nafuu, liwe upande wa msemaji. Kwenye baraza la chifu au kikao cha ukoo, jamaa mmoja akae naye na kumwambia au kumwandikia kila mada inapobadilika, kwa sababu mabadiliko ya mada ndiyo yanayompoteza kuliko maneno mamoja mamoja. Mwenyekiti naye aombwe kitu kimoja tu: watu wazungumze kwa zamu.

Simu

Simu ya kawaida kwa miongo mingi imepitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3400 tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya s na f hukatwa hata kwa mwenye masikio mazima, na uso haupo wa kusaidia. Mtu anayeelewa vizuri ana kwa ana anaweza kushindwa kabisa kwenye simu, na hilo halimaanishi kwamba hali yake imezidi kuwa mbaya. Simu ya video husaidia pale ambapo mtandao ni mzuri. Zipo pia programu za simu zinazogeuza usemi kuwa maandishi, na baadhi zinafahamu Kiswahili. Hukosea, hasa majina, lakini zinatosha kumpa mtu mada. Kuhusu fedha, saa na mahali, familia iweke kanuni kwamba yote hutumwa kwa ujumbe mfupi. Kanuni hiyo ni kinga pia, kwa kuwa mtu aliyezoea kuitikia "ndiyo" kwa asichokielewa ni windo rahisi la matapeli wanaopiga simu kuulizia namba za siri.

Hospitalini

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, ambapo sikio linaweza kutazamwa ndani kwa kifaa chenye mwanga. Usitangulie kulichokoa kwa pamba, kijiti cha kiberiti au ufunguo, wala kulimiminia mafuta ya moto. Vipimo kamili hufanywa kwenye kliniki za masikio, pua na koo katika hospitali kubwa za rufaa, kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ya Kaunti ya Nakuru, na ya Moi mjini Eldoret. Nenda na orodha ya dawa ulizowahi kutumia kwa muda mrefu au kwa kudungwa sindano, kwa sababu gentamicin, streptomycin, amikacin na kwinini ni miongoni mwa zile zinazoweza kudhuru masikio.

Kipimo cha kwanza hutumia milio, kwa kawaida kuanzia hezi 250 hadi 8000, na matokeo huchorwa kwenye chati iitwayo audiogramu. Sikio la kulia huwa duara jekundu na la kushoto alama ya X ya buluu. Kadiri mstari unavyoshuka, ndivyo sauti inavyohitaji kuwa kubwa zaidi ili isikike, na mstari unaoanza juu upande wa sauti nzito na kuporomoka upande wa sauti nyembamba ndio wa mtu aliyeelezwa katika mwongozo huu. Omba uelezwe chati yako, na upewe nakala. Kisha uulize kuhusu kipimo cha pili, kile cha usemi, ambacho mtu hurudia maneno yanayosomwa kwa sauti inayomtosha na kupewa asilimia ya aliyoyapata. Watu wawili wenye mistari inayofanana wanaweza kupata asilimia zilizo mbali sana, na asilimia hiyo ndiyo inayoonyesha mapema faida ambayo kifaa kitaleta. Sisitiza kwamba maneno yawe ya lugha unayoifahamu vizuri, la sivyo watapima lugha badala ya sikio.

Usikivu unaopotea ghafla, ndani ya siku tatu au chini yake, hasa kwenye sikio moja, ni dharura. Matibabu yake hufanya kazi zaidi yakianza ndani ya siku chache, kwa hiyo mtu asikae wiki mbili akingoja sikio lifunguke lenyewe. Upungufu wa upande mmoja tu, kizunguzungu kikali, na usaha unaorudi pia vinahitaji daktari.

Kwa watoto dalili huwa tofauti. Mwanafunzi aliyeketi nyuma ya darasa lenye wenzake hamsini hugeuka akiitwa, hivyo mwalimu huamini anasikia; lakini katika imla anaacha s na h, anafanya kazi tofauti na aliyoagizwa, na hutazama daftari la jirani kabla ya kuanza. Asogezwe mbele na apelekwe kupimwa kabla ya kuitwa mzembe.

Kifaa cha kusaidia kusikia

Kifaa kilichorekebishwa kwa kufuata audiogramu huongeza zaidi zile sauti ambazo sikio limezipoteza, na hapo ndipo kinapotofautiana na vikuza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa mitaani, ambavyo hukuza kila kitu pamoja na kelele. Hata hivyo hakifufui seli zilizokufa. Atakayekivaa asiahidiwe masikio mapya, kwa sababu ahadi hiyo ndiyo inayofanya vifaa vingi viishie kwenye droo. Siku za kwanza vijiko vitagongana kwa ukali, na majani ya mgomba yatapiga kelele kuliko anavyokumbuka. Akivae saa chache ndani ya nyumba tulivu, aongeze muda kila siku, kisha atoke uani, na sokoni aende mwisho. Ubongo huhitaji wiki kadhaa, na kwa wengine miezi, kuzizoea sauti ulizozisahau. Masikio yote mawili yakiwa na upungufu, vifaa viwili husaidia zaidi kuliko kimoja, hasa katika kutambua sauti inatoka wapi na katika kelele. Jasho na mvua ni adui. Usiku kihifadhiwe mahali pakavu, na kifuniko cha betri kiachwe wazi.

Gharama huwazuia wengi. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili watu wenye upungufu wa kusikia na lina mpango wa kusaidia kupata vifaa, na Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kupata vifaa vya kumwezesha, pamoja na kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa.

Kifaa kikishazoeleka, rudia lile jaribio la maneno arobaini, kwa chumba kile kile na msomaji yule yule, ukiyabadilisha mpangilio. Peleka karatasi zote mbili kwa mtaalamu wa usikivu siku ya kurudi, pamoja na maelezo ya mahali ambapo mhusika bado hupotea: kwenye matatu, kanisani, kwa wajukuu wenye sauti nyembamba. Maelezo ya namna hiyo humwezesha mtaalamu kurekebisha kifaa pale panapohitajika, jambo ambalo hawezi kulifanya akiambiwa tu kwamba hakifanyi kazi.